Picha Isiyo na Jina

Nilipokwenda Kabambare kukusanya majina ya vyombo vya udongo, nilimpiga picha mama mmoja mfinyanzi. Akaniuliza, “Chini yake utaandika nini?” Nikajibu, “Mwanamke akifinyanga chungu, mama.” Akacheka: “Mwanangu, chungu umekitaja. Na mimi je?”

Tangu siku hiyo naamini kitivo chetu kinapaswa kufundisha upigaji picha. Wengine watasema hiyo ni kazi ya Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, kilichoanza mwaka 1943. Lakini kutoka Kasongo, ni wangapi wataimudu safari hiyo? Tena Sammy Baloji, mpiga picha wa Lubumbashi anayejulikana duniani, alisomea fasihi na sayansi za binadamu katika chuo kikuu cha kwao. Mwaka 2008 alishiriki kuanzisha tamasha mjini humo, likaitwa kwa Kiswahili: Picha.

Tuanze na simu zetu na mwalimu wa kutufundisha mwanga. Maelezo ya chini ya picha ni kazi yetu wanalugha: jina la mtu akikubali, la kijiji, la chombo kama wenyewe wanavyokiita. Tusipoyaandika, wajukuu watarithi sura zisizo na wenyewe.