Tela la Maskauti Lipewe Mtunzaji

Nchini Marekani, vikosi vingi vya maskauti havina jengo lao. Hukutana kwenye kumbi za makanisa, na mali yao karibu yote hukaa ndani ya tela lililoegeshwa uani: mahema, majiko ya gesi, sufuria nzito za chuma, maturubai. Aghalabu vimenunuliwa kidogo kidogo, kwa fedha ambazo watoto walizipata wakiuza bisi nyumba kwa nyumba. Tela likiibwa, huenda mtu asijue hadi siku ya safari ya kambi, watoto wakiwa wamekwishafunga mizigo.

Kuliiba si kazi kubwa. Halina injini wala swichi. Mwizi hurudisha pikapu kinyumenyume, hushusha kichwa cha tela juu ya mpira wa chuma ulio nyuma ya gari lake, akaondoka. Kufuli la kichwani peke yake halimzuii, maana anaweza kuliburuta tela kwa minyororo yake ya usalama. Gurudumu nalo lifungwe pingu, na tela liegeshwe mlango wa nyuma ukigusana na ukuta.

Wapo viongozi wanaoshauri namba ya kikosi ifutwe ubavuni, eti inamtangazia mwizi kilichomo. Hapana. Tela jeupe lisilo na alama ndilo linalouzika upesi, kwa kuwa yanayofanana nalo yamejaa barabarani. Lenye maandishi makubwa kila upande, hata juu ya paa, litamlazimu mwizi atafute rangi na mahali pa kulificha, na huko nyuma polisi na majirani wanajua wanachokitafuta.

Bima isitegemewe kwa kubahatisha. Mara nyingi ile ya gari linalovuta hugharimia madhara ambayo tela limewasababishia watu wengine, si mahema yaliyomo.

Lakini udhaifu mkubwa ni kwamba tela ni la wote, hivyo hakuna anayeamka kwenda kulitazama. Kikosi kimteue mzazi mmoja, kwa jina, alikague kila wiki, hasa miezi ya baridi ambapo kambi ni chache. Huyo ndiye akae na picha za vifaa, risiti na namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17. Orodha iliyobandikwa ndani ya mlango wa tela itaondoka na tela.