Msiisingizie Saa!

Jamani, tumechoka na visingizio! Nenda kwenye shindano lolote la sataranji (chesi, kama tunavyoiita maskani), simama mlangoni raundi inapokwisha, utege sikio. Huyu alikuwa anashinda, basi tu. Yule kelele zilimzidi. Wa tatu, mpinzani wake "kabahatisha". Na karibu wote wameuawa na saa. Hivi kweli, washikaji, ukumbi mzima hakuna hata mmoja aliyefungwa kwa sababu alicheza vibaya?

Nina haki ya kuuliza, maana wimbo huo niliuimba mimi kuliko wengi. Raundi ya mwisho, kete nyeupe, nina askari mmoja zaidi na shambulio linanukia. Nikafungwa. Miezi mizima nikawa nasimulia kila kijiweni: dakika zilikwisha, mkono ukatetemeka, ngome ikaliwa bure. Watu wakanipa pole. Simulizi likanoga hadi mwenyewe nikaliamini.

Siku moja nikaitoa ile karatasi ya mchezo. Asiyejua ajue: shindanoni kila mchezaji huandika hatua zote, zake na za mwenzake. Lakini ukibakiwa na chini ya dakika 5, na saa haikuongezei sekunde 30 kwa kila hatua, kanuni inakuruhusu kuacha kuandika. Karatasi yangu inaishia hatua ya 37. Baada ya hapo ni mistari mitupu. Na simulizi langu lote, mkono, jasho, ngome, lilikuwa linaishi humo kwenye mistari mitupu, mahali ambapo hakuna shahidi!

Bahati mbaya yangu nina tabia ya kuandika dakika pembeni. Hatua ya 18: dakika 31. Nusu saa nzima nawaza nitoe farasi sadaka au nisitoe, mwisho nikasogeza askari wa pembeni, hatua ya kuogopa giza. Hatua ya 26: dakika moja. Dakika moja tu, nikabadilishana malkia!

Kwa nini? Nilijibu kwa kalamu, na jibu halikunipendeza. Niliogopa malkia wake. Woga huo nikauvalisha koti la elimu: "Nina askari zaidi, nipunguze kete, nitashinda polepole." Ndivyo tulivyofundishwa wote. Ila tazama kilichobaki: kila mmoja na ngome moja, askari wangu 4 kwa wake 3, wote upande mmoja wa ubao. Vitabu vya mwisho wa mchezo vimesema zamani kwamba hiyo kwa kawaida ni sare, mlinzi akijua kazi yake. Mfalme wake anasimama mbele ya askari wako na hakuna upande wa pili wa kumvutia atoke. Yule askari wa ziada angekuwa mbali, ng'ambo ya pili, tungeongea mengine. Mimi sikujua. Nikasukuma, nikasukuma, sare sikuitaka, dakika zikayeyuka, ngome ikaanguka. Saa ilikuja kuzika tu. Ushindi ulishakufa hatua ya 26, na nusu ya dakika zangu zilizikwa hatua ya 18.

Sasa wako wajuaji wa leo. Mchezo haujapoa, simu mkononi, programu inachomoza rangi nyekundu kwenye hatua ya 26, jamaa anatikisa kichwa: "Nimeona kosa." Umeona nini, ndugu yangu? Stockfish ni ya bure na inamshinda binadamu yeyote, sibishi. Lakini haikuwepo kichwani mwako ulipoogopa. Andika kwanza sababu zako, kwa mkono wako, ndipo uiache mashine ikuchane. Mimi ilinichana vizuri: ile sadaka ya farasi niliyoililia miezi yote ilikuwa ovyo! Kumbe nilifanya sawa kutoitoa, kwa sababu isiyo sawa. Hilo ningelijuaje kama nisingekuwa nimeandika nilichokuwa nawaza?

Na msiseme ni kazi ya wanafunzi. Mikhail Botvinnik alinyang'anywa ubingwa wa dunia na Tal mwaka 1960, akaurudisha 1961 akiwa na miaka 49 mbele ya kijana wa 24. Mzee huyo ndiye aliyekuwa akihimiza wachezaji wachambue michezo yao wenyewe na kuuchapisha uchambuzi, ili watu wa nje waukosoe. Auchapishe, bwana! Sio kuusimulia kijiweni kwa wanaokupenda.

(Waandishi wenzangu, msicheke sana. Hadithi ikirudishwa, mhariri "ana chuki". Mswada umeusoma tena lini?)

Basi nikampelekea karatasi mpinzani wangu. Tulikaa na ubao na chai hadi usiku. Tulipofika hatua ya 26 akacheka. Akasema pale alikuwa anahesabu hatua ngapi zimebaki kabla hajaangusha mfalme wake, na nilipobadilisha malkia alishusha pumzi hadi jirani yake akageuka. Sikuisikia pumzi hiyo. Nilikuwa naangalia saa, na pembeni ya karatasi inaonyesha nilikuwa bado na dakika 22.

Anayebisha alete karatasi yake.