Dawa ya Mahindi Haina Kazi Kwenye Nyama

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, leo sizunguki. Ile dawa ya vumbi unayochanganya na mahindi kuzuia dumuzi, usiipake kwenye nyama kavu, wala kwenye samaki na dagaa wanaopanda kuja Sumbawanga kutoka Kirando na Kasanga. Anayefanya hivyo anauza sumu.

Najua utetezi wako. "Mbona mahindi yenye dawa tunayala?" Mahindi yana ganda, kipimo chake kimeandikwa kwenye pakiti, na tunayapepeta na kuyakoboa kabla ya kusaga. Nyama haina ganda. Mafuta yake yanaishika dawa, na kuosha hakuitoi yote. "Mbona hakuna aliyekufa?" Mtoto akitapika na kuumwa kichwa usiku, nani atakumbuka mboga ya jioni?

Tena dawa inaficha kosa lako. Funza wanatokana na inzi aliyetaga kwenye nyama iliyoachwa wazi ikiwa bado na maji. Ukiwaua, maji yanabaki, na nyama inaendelea kuoza.

Fanya hivi:

1. Kata nyama isiyo na mafuta vipande virefu, unene wa sentimita 1.
2. Yeyusha kilo 1 ya chumvi kwenye lita 6 za maji safi. Loweka vipande dakika 5.
3. Tundika juani penye upepo, visigusane, ndani ya wavu wa dirisha. Chandarua cha kulalia usitumie, kina dawa.
4. Juni hadi Agosti jua na upepo wa Ufipa vinatosha. Mvua zikianza, kausha kwa moshi.
5. Ikikauka na kupoa, weka kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana. Kagua kila wiki. Ukiona unyevu au wadudu wachache, rudisha juani au kwenye moshi. Ikinuka, tupa.

Utasema chumvi ni gharama. Na dawa unapewa bure? Maji hayo ya chumvi yanalowesha vipande vingi, lakini mteja aliyeumwa harudi, na kijijini habari haikai siku mbili.

Chumvi, jua, moshi na mfuniko vinatosha. Dawa ya mahindi ibaki ghalani. Na wewe mnunuzi, ukiona unga mweupe kwenye dagaa au nyama, usionje. Waache hapo hapo.