Usiniambie "Chomeka Tu", Niambie Chipu

"Chomeka tu, itashika yenyewe." Wasee, hayo ndiyo maneno niliyouziwa pamoja na adapta ya waifai ya USB, shilingi 800, duka moja hapa tao. Nikachomeka. Wapi! Laptopu ikasema haina draiva. Ndani ya boksi kulikuwa na sidii. Sidii! Laptopu yangu haina hata mahali pa kuitia. Na kazi ya chuo ilifaa iingie kabla ya saa sita usiku.

Nikampigia muuzaji. "Labda laptopu yako ni mbovu." Manze, hapo nilichemka. Laptopu haina shida. Shida ni hiyo boksi.

Sikizeni. Draiva haifuati jina la kwenye boksi, inafuata chipu iliyo ndani. Na kampuni zinaweza kubadilisha chipu bila kubadilisha jina. Angalia TL-WN722N ya TP-Link: toleo la kwanza lina chipu ya Atheros, matoleo yaliyofuata yana Realtek. Jina moja, draiva tofauti kabisa. Hizo "802.11n" na "300Mbps" zilizoandikwa kwa herufi kubwa? Hiyo ni kiwango na kasi. Chipu hutaiona popote.

Kwa hivyo achana na boksi. Kila kifaa cha USB kina kitambulisho chake, kama vile wewe una ID. Kwenye Windows, fungua Device Manager, bofya kulia kile kifaa chenye alama ya manjano, ingia Properties, kisha Details, uchague Hardware Ids. Kwenye Linux andika lsusb. Ukiona 0BDA, hiyo ni Realtek. 148F ni Ralink. Namba inayofuata ndiyo ya kifaa chenyewe. Tafuta draiva kwa namba hizo mbili. Intaneti ya kutafutia utaitoa wapi? Unganisha simu kwa kebo, washa ile ya kugawa bando. Na zile programu za "bonyeza hapa tukutafutie draiva" ziogope kabisa. Nyingine zinataka ganji, nyingine zinakuletea virusi.

Hivyo ndivyo nilivyojiokoa, dakika kumi kabla ya saa sita.

Najua kuna mtu atasema, "Kitu cha 800, ulitarajia nini?" Buda, kwa mwanafunzi 800 ni chakula cha siku kadhaa. Na kuandika jina la chipu kwenye boksi ni mstari mmoja tu. Hata pakiti ya unga inakuambia kilicho ndani, na unga hauhitaji draiva.

Basi tuache kununua gizani. Kabla hujatuma pesa, muulize muuzaji swali moja: chipu gani? Asipojua, rudisha simu mfukoni, uende duka linalofuata. Tukiuliza wote, watajua.