Mnaiita gari ya wazee (Safari na mtoto, sehemu ya 4)

Tangu niandike ile sehemu ya kiti cha mtoto, swali linalokuja sana ni hili: "Dada nesi, tunanunua gari letu la kwanza, mtoto yuko njiani, tuchukue lipi?" Nikitaja Premio au Allion, jibu linarudi hapo hapo: "Aaah, hiyo si gari ya wazee? Baba kijacho hataki hata kuisikia."

Haya, leo tuliongee. Mimi si fundi wala dalali, msije mkanipigia kuuliza bei. Mimi nafanya wodi ya wazazi, na kila siku naona akina mama wanavyopanda magari wakiruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa hilo nina la kusema.

Kwanza jina lenyewe. Halijatoka hewani. Premio ilichukua nafasi ya Corona na Allion ikachukua nafasi ya Carina, mwaka 2001, na hata kwao Japan zilionekana magari ya watu wazima waliotulia. Huku kwetu ndiyo usiseme: mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, boksi la tishu nyuma ya kioo, spidi 60 mpaka Chalinze. Lakini niambieni, Crown je? Crown ipo tangu 1955, na Japan ilikuwa gari la mabosi na wazee wenye heshima zao. Leo kijana wa mjini akipata Crown Athlete anaonekana kafika. Mark X hivyo hivyo. Sedani ni sedani, ila ukiona anaendesha kijana mwenye muziki mkubwa, inakuwa ya kijana.

Sasa njooni wodini. Mama aliyejifungua kwa upasuaji tunamfundisha kupanda gari hivi: geuza mgongo, kaa kwanza, ndipo uingize miguu yote miwili kwa pamoja, taratibu. Mnajua nani mwingine anafundishwa hivyo hivyo? Mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Yaani kwa wiki sita hivi baada ya upasuaji, mwili wa binti wa miaka 25 unataka kile kile anachotaka bibi yake. Kiti kisiwe juu mpaka anyanyue mguu na kujivuta kwa misuli ya tumbo, na kisiwe chini mpaka ajidondoshe. Mlango ufunguke vizuri. Gari lisimrushe kwenye tuta, maana kila tuta na kila rasta mshono unasikia. Haya mnayoyaita mambo ya wazee ndiyo mambo ya mzazi.

Ndiyo maana huwa naguna nikiona familia imekopa ili inunue Harrier, kisha mama anapandishwa kwa kusukumwa na shemeji, na mtoto yuko mikononi kwa bibi kwa sababu "kiti cha mtoto tutanunua mwisho wa mwezi". Harrier ni gari zuri, sina ugomvi nayo. Ila kwenye zile tunazoziona nyingi mjini, injini ya CC 2,400 ni ya kawaida. Premio unapata ya CC 1,500. Hiyo tofauti mnailipa sheli kila wiki, na ndiyo hiyo hela ya kiti cha mtoto inapoishia.

Wengine mtasema, basi IST inatosha. Hapa nitakuwa mkweli, kwenye urefu wa kukalia IST haina shida kwa mzazi, na upana wa IST ya kwanza na wa Premio ni sawa, milimita 1,695. Kwa hiyo kama mnataka kubana watu watatu nyuma pamoja na kiti cha mtoto, Premio haiwasaidii. Tofauti iko kwenye urefu wa gari. Kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma, IST ya kwanza ina milimita 2,370, Premio ina 2,700. Hizo sentimita 33 ndizo zinazoamua kama kiti cha mtoto mchanga kitakaa vizuri. Mtoto mchanga anatakiwa aangalie nyuma, si mbele, na kiti chake kikigeuzwa hivyo kinakula nafasi sana. Kwenye gari fupi, aliyekaa mbele anasogezwa mpaka magoti yanagusa dashibodi. Basi safari mbili tatu mtu anachoka, kiti kinageuzwa mbele kabla ya wakati, au kinatupwa stoo na mtoto anapakatwa. Hapo ndipo ninapoogopa. Gari likigonga, hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika mtoto, hata ungekuwa na nguvu kiasi gani.

(Na kiti kinachoangalia nyuma kisiwekwe mbele kwenye eabegi. Nilisema sehemu ya 2, nasema tena, kwa sababu juzi nimeona tena.)

Kingine ambacho hamkiangalii ni buti. Sedani mizigo imetengwa na watu. Ukisafiri kwenda kwa wakwe na ndoo, chupa ya chai, mchele na mtungi mdogo wa gesi, vyote viko nyuma ya kiti. Kwenye gari lenye buti wazi tunapanga mpaka darini, dereva akifunga breki ghafla ile chupa inamfuata nani? Anayekaa nyuma ni mtoto.

Sasa na ubaya wake. Premio iko chini. Kama nyumbani ni huko tunakojenga, barabara haijachongwa na masika inaacha mitaro, itakwangua tumbo mpaka mtaichukia, na hapo nawaelewa wanaotaka gari la juu. Bei yake pia ni kubwa kuliko IST, msijidanganye. Na ukitembea peke yako mjini na huna mtoto, sioni kwa nini uhangaike nayo. Lakini kama barabara inapitika na mtoto anakuja, kuikataa kwa sababu ya jina ni kumfanya mzazi na mtoto walipie aibu ya baba mbele ya marafiki zake. Samahani akina baba, ila ndivyo ilivyo. Kama sura yake ndiyo inawaudhi, chukueni Allion. Ni ndugu pacha, chasisi ile ile, injini zile zile, uso tu ndio wa kijana.

Mkienda yadi, mjamzito aende mwenyewe, asiagizwe picha za WhatsApp. Akae nyuma, ashuke, apande tena mara tatu. Nendeni na kiti cha mtoto, hata cha kuazima, mkifunge kikiangalia nyuma, halafu baba akae kiti cha mbele yake. Vuteni mikanda yote ya nyuma mpaka mwisho muone kama inarudi, na kama inajifunga ukiivuta kwa ghafla. Mengi ya magari haya yana miaka mingi, na mkanda wa nyuma ndio kitu ambacho hakuna aliyekigusa. Muuzaji akiwaharakisha, ondokeni.

Sehemu ya 5 ni bodaboda na mjamzito. Najua mtanigombeza.