Rubani, na Abiria Je?

Jamani, leo acheni niseme. Nimechoka na marubani wa helikopta kwenye magemu ya vita.

Tuliocheza Battlefield 2, iliyotoka 2005, tunaikumbuka ramani ya Ghuba ya Oman. Wamarekani mnaanzia baharini, juu ya manowari ya kubebea ndege. Black Hawk ina nafasi 6: rubani, wawili wa bunduki za ubavuni, abiria watatu. Kikosi kizima kinaenea. Halafu anatokea bwana mmoja, anadandia usukani, huyooo, kaondoka peke yake! Wenzake wanabaki kuhangaika na viboti.

Huyo afadhali. Kuna anayekupakia vizuri, akifika juu ya bendera anayoitaka yeye, anaruka na parachuti lake. Kimya. Hata kuandika "shukeni" hawezi. Wewe umeshika bunduki, unashangaa dunia inazunguka. Ukiwahi kubonyeza F1 unahamia kiti cha rubani. Usipowahi, mmekwisha wote. Hivi hata konda wa daladala si huuliza kama kuna wa kushuka?

Najua mtasema abiria nao wasumbufu. Kweli, wapo wanaompigia rubani kelele utadhani wamelipa nauli. Lakini abiria mkorofi akiruka ovyo anajiua mwenyewe. Rubani anaua watano.

Huduma rasmi za gemu lile zilizimwa 2014, tabia ikahamia magemu mapya. Juzi tu nimeachwa tena hewani, na aliyeniacha akaniuliza eti kwa nini sikuruka.