Mwenye sukari anapokohoa, nani anamuuliza?

Mwaka 2020, wakati Korona ilipoingia inchini kupitia Kinshasa, wakaaji wa Goma, Bukavu, Beni na Uvira walijifunza jambo moja bila kukaa ku masomo ya unganga: mutu mwenye sukari, mwenye tansio, mwenye moyo mugonjwa ao mwenye asima, akishikwa na ugonjwa wa mapafu, yuko katika hatari kuliko jirani yake. Redio zilisema kutwa. Ku mulango wa hospitali waliuliza. Na chanjo ilipofika mwaka 2021, watu hao waliwekwa kati ya wale wa kwanza.

Kisha Korona ikapunguka, na ulizo lile likaondoka pamoja na ndoo za kunawa mikono. Hatari yenyewe haikuondoka. Ilikuwako mbele ya Korona, iko mupaka leo, na jina lake ni la zamani: homa ya mapafu, ile wanganga wanaita pinemoni.

Mashariki mwa Kongo, jina hilo linaleta kwanza picha ya mutoto muchanga. Ni haki, sababu duniani hakuna ugonjwa mwingine wa kuambukiza unaoua watoto wa chini ya miaka 5 kuupita. Ndiyo maana toka mwaka 2011 Kongo inawapa watoto chanjo ya pinemokoki, kijidudu kinacholeta sehemu kubwa ya pinemoni kali, wakiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mama hatoi hata franka moja. Lakini mupango wa chanjo unasimama pale. Kijana aliyezaliwa mbele ya mwaka ule, ao yule aliyekosa sindano sababu kijiji chake kilikuwa mbioni, akiwa leo na sukari ao SS, hakuna siku iliyopangwa kwa ajili yake. Mama yake wa miaka 60 mwenye moyo kuchoka, vilevile. Chanjo ya watu wazima iko duniani: ile ya kukinga aina 23 za pinemokoki ilianza kutumiwa mwaka 1983. Ila mukulima wa Masisi ao muuzaji wa sambaza pale Kituku hajawahi hata kuisikia.

Kwa nini watu hawa wanaanguka haraka? Sukari ikipanda katika damu, chembe nyeupe, wale askari wa mwili, wanafika wakiwa wamechelewa ku vita. Na maambukizi yenyewe yanapandisha sukari zaidi. Mambo mawili yanasukumana. Moyo wenye kuchoka unaacha maji yabaki ku mapafu, na pale vijidudu vinapata makao. Mwenye virusi vya SIDA asiyekunywa dawa zake sawasawa, ulinzi wake umeshuka toka zamani. Kuna pia wenye figo mbaya, wenye asima, wenye kuvuta tumbaku miaka na miaka. Ongeza moshi wa babula. Muji kama Goma unapika na makala, vijiji vinapika na kuni, na wakati wa mvua babula inaingizwa ndani, mulango unafungwa. Jirani mwenye afya anakohoa tu. Mwenye kifua kilichoharibika tayari anapumua moshi ule ule kwa bei ingine.

Wanaosahauliwa zaidi ni watoto wa SS. Kongo ni kati ya inchi tatu zinazozaliwa watoto wengi wa SS duniani, pamoja na Nigeria na India. Damu yao inaharibu bandama mapema, mara mingi mbele mutoto hajafikisha miaka 5, na bandama ndiyo inayochuja pinemokoki katika damu. Kisha pale mapafu yanaposhikwa, oksijeni inapunguka, na oksijeni ikipunguka chembe za damu zinajikunja zaidi na kufunga mishipa. Kifua kinauma, pumzi inakatika. Jamaa inasema ni "crise" yake ya kila siku, inamupa kinini ya maumivu, inangoja asubuhi. Kuna asubuhi zisizofika.

Na bado dawa ya kupunguza vifo hivyo si ya ajabu. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba penisilini ya kunywa, mara mbili kwa siku, ilipunguza kwa 84% maambukizi makali ya pinemokoki kwa watoto wadogo wenye SS. Waliikatiza kazi yao mbele ya wakati, sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima dawa wale wengine. Penisilini! Dawa iliyozeeka kupita wengi wa viongozi wanaosaini mipango ya afya. Mutoto wa SS anapaswa kuikunywa kila siku mupaka afikishe miaka 5, na kwanza kabisa mutu apime damu yake akingali muchanga ili ijulikane kwamba ni SS. Jamaa nyingi zinajua kisha mutoto wa pili kufa.

Wataalamu watajibu kwamba zoni za afya hazina pesa, na kwamba mashariki ina mizigo ingine. Ni kweli. Toka mwezi wa kwanza 2025 mabenki ya Goma yalifunga milango. Mwenye mushahara wake ku benki anakuwa kama asiye na mushahara, na kinini ya tansio ya siku moja inafanywa ya siku mbili. Musaada wa bure unaenda kwanza kwa waliopigwa risasi, kwa kolera, kwa surua, kwa Mpox. Hakuna wa kulaumu hiyo. Ila mwenye sukari aliyekimbia usiku bila insulini yake, akalala siku kumi chini ya hema lenye kuvuja, naye ni mutu wa vita. Homa ya mapafu ikimuua, hataandikwa ku hesabu ya vita wala ya kolera. Watasema tu: alikuwa mugonjwa toka zamani.

Maneno hayo matatu, "toka zamani mugonjwa", yamefunika mambo mengi. Yanafanya kifo kionekane cha kawaida, kumbe mara mingi mutu hakufa na sukari. Alikufa na pinemoni ya siku tano ambayo hakuna aliyeitafuta.

Sababu mambo yanaanza kidogo sana. Mutu anakohoa, anasema ni gripe, ni vumbi. Anapita ku farmasi ya barabarani, anauziwa amoksi sita, kwa kuhesabu pesa si kwa kuhesabu siku. Asiposikia nafuu, anapimwa palu ku kituo cha afya. Palu inaonekana, anapewa dawa ya palu, anarudi nyumbani. Mutu anaweza kuwa na palu ku damu na pinemoni ku mapafu siku moja. Wengine wanapelekwa ku chumba cha maombi, na maombi ni vizuri, hata ku kitanda cha hospitali yanafanyika. Muzee na mwenye sukari wanadanganya zaidi, sababu mwili wao unaweza kukosa nguvu ya kupandisha homa. Termometri inasema hakuna kitu. Muzee mwenyewe ameacha kula, anaongea maneno yasiyoshikamana, na pumzi inaenda mbio.

Pumzi ndiyo ya kuangalia. Mutu muzima anayepumzika anapumua mara 12 mupaka 20 kwa dakika. Akifikia 30, hiyo si gripe, ni mutu wa kupelekwa hospitali ile saa. Kuhesabu kunaomba saa ya mukono ao telefone, na dakika moja ya muuguzi. Kile kifaa kidogo cha kubana ku kidole, kinachoonyesha oksijeni, wengi walikijua wakati wa Korona; kikionyesha chini ya 90, hakuna tena wakati wa kubishana. Kama vifaa vile viko vimefungiwa ku kabati ya ofisi fulani ya zoni ya afya, vitoke.

Kwa hiyo kisingizio cha pesa kinafika mupaka fulani tu. Chanjo ya watu wazima inaomba pesa, kweli, na wizara ya afya ndiyo inapaswa kuitafutia njia na wafadhili wake, ikianza na watoto wakubwa wa SS na watu wenye virusi vya SIDA, ambao wako tayari na siku zao za kurudi hospitali. Mupango wa kuzalisha bure ulioanzishwa Kinshasa mwezi wa 9 mwaka 2023 ulionyesha kwamba serkali ikitaka kuchagua kundi la watu na kulilipia, inajua kuchagua. Penisilini inaomba pesa kidogo. Kuuliza hakuombi kitu.

Muuguzi anayepokea mutu mwenye kukohoa angeanza na ulizo lile lile la mwaka 2020: uko na sukari, tansio, moyo, asima, SS, unakunywa dawa gani kila siku? Jibu liandikwe kwa bic nyekundu juu ya fishi, ili anayepokea zamu ya usiku alione mbele ya kusoma hata jina la mugonjwa.